Sura ya Sita: Kimo cha Nyuzi na Kimo cha Pikapu

Gitaa likikuumiza vidole, usilihukumu kabla hujalipima. Magitaa mengi ya umeme yanayouzwa kwa bei ya kutupa, au yanayoning'inia ukutani mwaka mzima bila kuguswa, hayana kasoro ya mbao wala ya nyaya. Nyuzi zake zimekaa juu mno au chini mno, na skrubu zake hazijaguswa tangu yatoke kiwandani. Mwanafunzi anabana uzi kwa nguvu zote, noti inapanda kuliko inavyotakiwa, mkono unachoka, naye anaanza kuamini kwamba hana kipaji. Mwenzake anasikia mkwaruzo kila anapogusa uzi wa sita, akadhani amplifaya imeungua. Wote wawili wanahitaji bisibisi, alenkii, rula yenye alama za nusu milimita na muda wa utulivu.

Sura hii inahusu vimo viwili. Cha kwanza ni kimo cha nyuzi juu ya freti, kinachoamua gitaa litakuwa jepesi au zito mkononi. Cha pili ni kimo cha pikapu, yaani umbali kati ya nyuzi na sumaku zinazonasa mtetemo wake, kinachoamua amplifaya itapokea sauti ya namna gani. Jambo la kushika ni hili: vimo hivi haviwekwi kila kimoja kivyake. Kila kipimo cha gitaa kinasimama juu ya kilichotangulia, na anayevuruga mpangilio atazungusha skrubu kutwa nzima asifike popote.

Gitaa la fundi redio

Nitatumia Stratocaster kama mfano, kwa sababu ni magitaa machache yanayomwachia mpigaji mambo mengi ya kurekebisha mwenyewe kama hilo. Leo Fender, aliyeliingiza sokoni mwaka 1954 kutoka Fullerton, California, hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio, na duka lake la kutengenezea redio alilifungua mwaka 1938. Alibuni kifaa akimfikiria mtu atakayekuja kukifungua siku moja. Shingo aliifunga kwa skrubu badala ya kuigandisha kwa gundi. Kwenye daraja, kila uzi aliupa kikalio chake, na kila kikalio kina skrubu mbili ndogo za kukipandisha na kukishusha, pamoja na skrubu ndefu ya kukisogeza mbele na nyuma. Gitaa lake lililotangulia, tunaloliita leo Telecaster, lilikuwa na vikalio vitatu tu, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili, na hivyo kuurekebisha uzi mmoja kulimaanisha kuugusa na wa jirani yake.

Kampuni ya Gibson walichagua njia nyingine. Daraja lao la Tune-o-matic, lililotoka miaka ya 1950, linapanda na kushuka lote kwa pamoja juu ya magurudumu mawili madogo, moja upande wa nyuzi nene na jingine upande wa nyuzi nyembamba. Vikalio vyake husogea mbele na nyuma tu. Mwenye gitaa lao la Les Paul ana kazi fupi zaidi, ila hawezi kuushusha uzi mmoja pekee. Magitaa mengi ya bei nafuu yameiga mojawapo ya madaraja haya mawili, kwa hiyo ukiyaelewa, umeelewa sehemu kubwa ya magitaa utakayokutana nayo.

Anza kwa kushusha pikapu

Hatua ya kwanza inawashangaza wengi: shusha pikapu zote hadi ziwe mbali na nyuzi. Hutaziweka sawa sasa. Unaziondoa njiani tu. Sumaku iliyo karibu huuvuta uzi wa chuma, na uzi unaovutwa hautetemeki kwa uhuru wala hautoi noti iliyo sahihi. Ukipima kimo na noti huku sumaku ikivuta, unapima makosa mawili kwa pamoja bila kujua lipi ni lipi. Geuza skrubu za pembeni mwa pikapu taratibu, usizilegeze hadi mwisho, kwani pikapu ikichomoka huangukia ndani na itakulazimu kufungua kifuniko chote.

Kisha vaa nyuzi mpya, za unene ule ule utakaotumia siku zote, na utyuni gitaa kwa sauti ile ile unayopigia. Kama bendi yenu hushusha nusu sauti, shusha nusu sauti sasa hivi. Seti ya nyuzi inayoanzia inchi 0.010 hadi 0.046 huivuta shingo ya Stratocaster kwa nguvu ya karibu kilo 47. Seti ya 0.009 hadi 0.042 huivuta kwa chini ya kilo 40. Tofauti hiyo inatosha kuibadilisha shingo, na ndiyo maana aliyebadili unene wa nyuzi hana budi kuanza upya vipimo vyote.

Shingo kwanza

Uzi uliopigwa hauchezi sawasawa kila mahali. Huyumba zaidi katikati ya urefu wake, na mtetemo huo unahitaji nafasi. Kwa hiyo shingo nzuri hainyooki kabisa. Hupinda kidogo mno kuelekea nyuzi, kama upinde ambao kamba yake ndiyo kwanza imeanza kuvutwa. Ndani ya mbao kuna nondo ya chuma inayopambana na mvuto wa nyuzi. Wazo hilo lilitoka kwa Thaddeus McHugh wa Gibson, aliyepewa hataza yake mwaka 1923, na hadi leo karibu kila gitaa la umeme lina nondo ya namna hiyo.

Pima hivi. Funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya 1, kisha bana uzi wa sita kwenye freti ya mwisho. Uzi ulionyooka kati ya sehemu hizo mbili ndio rula yako. Tazama nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 8. Kampuni ya Fender hupendekeza takriban milimita 0.25 kwa ubao wa vidole wenye mviringo wa inchi 9.5, na 0.3 kwa ule wa zamani wa inchi 7.25 uliopinda zaidi. Kwa kupima nafasi hiyo, hakuna kifaa kizuri kuliko zile bapa nyembamba za chuma ambazo mafundi magari hupimia nafasi za vali.

Nafasi ikizidi, kaza nondo kwa kuizungusha upande wa saa, na shingo itanyooka. Ikipungua, legeza. Zungusha robo mzunguko tu kila mara, tyuni upya, kisha pima tena. Nondo ikigoma, acha na umpelekee fundi, kwa sababu nondo iliyokatika ni gharama kubwa kuliko gitaa zima la bei nafuu.

Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Gitaa lililorekebishwa Mombasa au Zanzibar, kwenye hewa nzito ya bahari, halitabaki vile vile likipandishwa Nairobi au Arusha na kukaa huko miezi. Bendi zinazosafiri zinapaswa kuichunguza shingo kila hali ya hewa inapobadilika, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kimo cha nyuzi

Sasa njoo kwenye daraja. Kimo hupimwa kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi, uzi ukiwa haujabanwa. Jihadhari na mahali pa kupimia. Fender hupimia freti ya 17 na kupendekeza milimita 1.6 kwa nyuzi zote kwenye shingo ya mviringo wa inchi 9.5 hadi 12. Kwa ile ya inchi 7.25, nyuzi nene hupewa milimita 2 na nyembamba 1.6. Gibson hupimia freti ya 12 na kutaja milimita 2 kwa uzi mnene na 1.2 kwa mwembamba. Anayechukua namba ya Gibson na kuipimia freti ya 17 anajidanganya, hata kama rula yake ni sahihi.

Kama huna rula nzuri, kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76 duniani kote, kwa mujibu wa viwango vya kimataifa. Kadi mbili zisizo na namba zilizotokeza, zikiwekwa moja juu ya nyingine, zinakaribia sana milimita 1.6. Kadi tatu zinakaribia 2.4, na kipimo hicho kitatufaa tutakapofika kwenye pikapu.

Kumbuka pia hesabu hii: freti ya 12 iko katikati kamili ya urefu wa uzi. Ukishusha kikalio kwa milimita 1, uzi kwenye freti ya 12 utashuka nusu milimita tu, na kwenye freti ya 17 takriban 0.6. Anayelijua hili haogopi anapoona amezungusha skrubu mara nyingi na rula haijaonyesha mabadiliko makubwa.

Zungusha skrubu mbili za kikalio kwa kiasi kilekile ili kisiinuke upande. Anza na uzi wa kwanza na wa sita, kisha panga zile nne za katikati zifuate mviringo wa ubao, zikiinuka taratibu kuelekea katikati. Tyuni tena baada ya kila badiliko, halafu piga kila uzi kwenye kila freti, kwa nguvu yako ya kawaida. Usipige kwa upole kwa sababu unajaribu. Utakapokuwa jukwaani hutapiga kwa upole.

Mkwaruzo ukitokea, mahali ulipo panakueleza chanzo chake. Ukisikika kati ya freti ya 1 na ya 5, shingo imenyooka kupita kiasi na nondo inahitaji kulegezwa. Ukisikika kuanzia freti ya 12 kwenda juu, vikalio viko chini mno. Ukiwa kwenye freti moja peke yake, freti inayofuata imeinuka kwenye mbao au hiyo unayoibana imelika. Ukisikika uzi unapopigwa mtupu tu, na kupotea mara unapoubana popote, tatizo liko kwenye kizingiti, kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho mwanzoni mwa shingo, ambacho mkato wake umechimbwa sana. Kazi ya kizingiti na ya freti mwachie fundi mwenye tupa zake, kwa kuwa kilichokatwa na tupa hakirudi. Na kabla ya kuhangaika, chomeka gitaa kwenye amplifaya: mkwaruzo mdogo unaosikika kwenye mbao lakini hausikiki kwenye spika si ugonjwa.

Wakati mwingine vikalio vimeshushwa hadi chini kabisa na nyuzi bado ziko juu. Hapo kosa ni pembe ya shingo. Fungua zile skrubu za nyuma zinazofunga shingo na uweke kabari nyembamba, hata ya karatasi ngumu, kwenye mfuko wa shingo, upande ulio karibu na pikapu. Kabari hiyo huinamisha shingo nyuma kidogo, na vikalio vinapata nafasi ya kupanda na kushuka tena.

Sasa ni zamu ya mkono kuamua. Mpiga solo wa sebene, anayekaa juu ya shingo na kurudia vipande vifupi kwa kasi usiku kucha, atataka nyuzi za chini. Mpiga ridhimu anayepiga kodi kwa mkono mzito atahitaji nafasi zaidi, la sivyo kila pigo litagonga freti. Anayevuta nyuzi kando ili kupandisha noti, kwenye shingo yenye mviringo mkali wa inchi 7.25, akiziweka chini sana atasikia noti ikifa katikati ya mvuto, kwa sababu uzi unagusa freti za mbele unapouvuka mgongo wa ubao. Wote watatu wanaweza kuwa na gitaa la aina moja na vimo vitatu tofauti, na wote wakawa sahihi. Namba za kiwandani ni mahali pa kuanzia, na anayesema kuna kimo kimoja bora kwa kila mtu hajawahi kumsikiliza mpigaji wa pili.

Usahihi wa noti

Kimo kikishatulia, sogeza vikalio mbele au nyuma. Piga harmoniki ya freti ya 12, kisha bana noti hiyo hiyo kwenye freti ya 12, na ulinganishe kwa tyuna. Noti iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Hatua hii inafuata kimo cha nyuzi kwa sababu ya kimaumbile: uzi ulio juu hunyooshwa zaidi unapobanwa, na kila unaponyooshwa noti yake hupanda. Aliyeanza na noti na kumalizia na kimo atalazimika kurudia noti.

Kimo cha pikapu

Sasa rudi kwenye pikapu ulizozishusha mwanzoni. Kanuni yake iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831: uga wa sumaku ukibadilika karibu na waya uliozungushwa, umeme huzaliwa kwenye waya huo. Ndani ya pikapu ya Stratocaster kuna sumaku sita ndogo, na kuzizunguka kuna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Sumaku huufanya uzi wa chuma juu yake uwe sumaku pia, na uzi unapotetemeka unautikisa uga, nao waya unatoa mkondo dhaifu unaokwenda kwenye amplifaya. Kadiri uzi unavyokuwa karibu, ndivyo sauti inavyokuwa kubwa na yenye makali. Kishawishi cha kupandisha pikapu hadi mwisho kinatokana na ukweli huo.

Lakini sumaku haitofautishi kusikiliza na kuvuta. Ikikaribia mno, uzi unang'ang'aniwa, sauti inafifia mapema, na nyuzi nene zikipigwa juu ya shingo hutoa noti mbili zinazogombana, moja ikipanda na kushuka juu ya nyingine. Hakuna tyuna inayoweza kuituliza noti hiyo. Wamiliki wa Stratocaster wengi wamesumbuka na vikalio kwa saa nzima, kumbe dawa ilikuwa kugeuza skrubu moja ya pikapu ya shingoni. Pikapu za hambaka, zile za koili mbili zilizobuniwa na Seth Lover wa Gibson mwaka 1955 ili kuondoa mvumo wa umeme, hazivuti uzi kwa ukali huo, kwani sumaku yake imelala chini ya koili. Ndiyo maana zinaweza kusogezwa karibu zaidi.

Bana uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo uzi unapoikaribia pikapu zaidi. Pima kutoka juu ya sumaku hadi chini ya uzi. Rudia kwa uzi wa kwanza. Kwa pikapu za koili moja za mtindo wa zamani, Fender hutaja milimita 2.4 upande wa nyuzi nene na 2 upande wa nyembamba. Kwa koili moja za kawaida ni 2 na 1.6. Kwa hambaka ni 1.6 pande zote mbili. Upande wa nyuzi nene huwekwa mbali kidogo kwa sababu nyuzi hizo zina chuma kingi na huyumba kwa upana.

Baada ya namba, sikiliza. Weka amplifaya kwenye sauti safi, bila athari yoyote, kisha hama kutoka pikapu moja hadi nyingine. Karibu na shingo uzi huyumba sana, na karibu na daraja hutikisika kidogo tu. Pikapu zote zikiwa kimo kimoja, ya shingoni itaifunika kwa sauti ile ya darajani. Shusha ya shingoni hadi zote tatu zilingane kwa ukubwa wa sauti, na acha kila moja ibaki na rangi yake. Kisha linganisha nyuzi nene na nyembamba ndani ya pikapu moja kwa kuinamisha upande mmoja.

Huenda utasikia uzi wa tatu ukijitokeza kuliko wenzake. Kwenye pikapu za mtindo wa zamani, sumaku sita hazikukatwa kwa urefu mmoja, na ya uzi wa tatu ni miongoni mwa zile ndefu. Zilipangwa hivyo katika miaka ya 1950, wapigaji walipotumia uzi wa tatu wenye waya wa kuzungushiwa, ambao sauti yake ni dhaifu zaidi. Leo wengi hutumia uzi wa tatu mtupu, na sumaku ndefu inaukuza kupita kiasi. Usijaribu kuisukuma sumaku hiyo kwa kidole au nyundo, kwa maana inashikana na waya mwembamba na waya ukikatika pikapu imekwisha. Shusha pikapu nzima kidogo, au chagua pikapu ya sumaku zilizolingana. Jimi Hendrix, aliyepiga kwa mkono wa kushoto huku akilipindua Stratocaster la mkono wa kulia, alizipa nyuzi zake mpangilio wa sumaku uliogeuka kichwa chini, na pikapu ya darajani iliyolala mshazari ikaelekea upande wa pili. Mabadiliko hayo ni sehemu ya sauti aliyoiacha.

Kwa muziki wetu wa dansi, ambamo solo, ridhimu na mi-solo, gitaa lililo kati ya hayo mawili, hupishana katika nafasi moja bila kukanyagana, nashauri pikapu zishushwe kidogo chini ya kipimo cha kiwandani. Sauti inayopotea hurudishwa na amplifaya, lakini usafi wa noti uliopotea kwenye pikapu hakuna kifungo cha kuurudisha. Magitaa matatu yenye pikapu zilizopandishwa hadi mwisho huishia kuwa kelele moja, hata wapigaji wakiwa hodari.

Mtihani wa mwisho ni mazoezi ya bendi, kwa sauti ya bendi. Yanayosikika chumbani hayatoshi, kwa sababu besi na ngoma hubadilisha kila unachodhani umekisikia. Rekebisha kidogo baada ya mazoezi, na ukisharidhika andika namba zako zote kwenye karatasi: nafasi ya freti ya 8, kimo cha uzi wa kwanza na wa sita, mahali ulipopimia, na umbali wa kila pikapu pande zote mbili. Iweke ndani ya mfuko wa gitaa. Shingo itakapocheza au nyuzi zitakapobadilika, utarudi kwenye vipimo vyako kwa dakika chache. Na ukimpelekea fundi, mpe karatasi hiyo kabla ya gitaa, ili afanye kazi kwa ajili ya mkono wako na si kwa ajili ya kitabu cha kiwandani.